Mwitaji wa Daraja la Mbwaka

Ndugu yangu Waseem hakusema "naam" hata siku moja maishani mwake. Nyumbani kwetu Mji wa Kale mtu akiitwa huitika "ji", kama walivyoitika mababu zetu waliokuja kutoka Kachi, huko Bara Hindi, na Waseem alikuwa na ji moja ndefu, ya puani, iliyosikika kutoka ghorofani mpaka kwa muuza kahawa kule chini barazani. Watoto wa mtaani wakambandika jina, Bwana Ji. Mwalimu wa madrasa alitaka aseme "naam" kama wenzake. Akamwita mbele, akamwambia atoe kiganja, na kila alipotaja jina lake alimshushia bakora. Waseem akaitika "ji" mpaka ngozi ikachanika. Mwalimu alichoka kabla yake.

Nalisema hili mwanzo lisije likapotea njiani.

Mwaka jana Waseem alikufa katika Daraja la Mbwaka, huko ndani ng'ambo ya Likoni, ambako lami huisha ukabaki na mashimo na minazi. Alipenda hadithi za mizuka, mtu mzima na ndevu zake. Alizunguka magofu na makaburi na simu yake, akirekodi na kuwatisha watu mtandaoni. Akasikia kuna daraja lina Mwitaji, akalala na kuamka na habari hiyo. Alikwenda na rafiki yake Zaki, mwenye pikapu, aliyekuwa akitubebea marobota ya leso kutoka bandarini mpaka dukani kwetu Biashara Street. Walikwenda wawili, akarudi Zaki.

Maiti tulipewa siku ya pili. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni, na vidole vya mkono wa kulia vimepondwapondwa. Waliomwosha walitoka na nyuso za majivu, hakuna aliyetaka kula. Zaki alilia msibani mpaka akashikwa na watu wawili. Alipoulizwa ilikuwaje alisema, "Aliitwa. Akaitika. Akaenda." Hakuongeza neno, nasi hatukumbana, maana nani hapa pwani asiyejua habari ya Mwitaji?

Asiyejua ndiye huyu namwambia. Wakati wa Wazungu, daraja lile lilianguka likiwa bado bichi, likajengwa, likaanguka tena. Msimamizi akaambiwa mto wataka kafara. Wakamkamata kibarua mmoja, wakamvunja miguu kwa nyundo asikimbie, wakamsimamisha ndani ya nguzo ya kati na kumwagia zege akiwa hai. Akawaita wenzake kwa majina. Wenzake walikuwa pale pale na makarai mikononi, na hakuna aliyeitika. Tangu hapo anaita yeye. Huita mchana, jua likiwa utosini, hukuita kwa jina lako na kwa sauti ya mtu wako. Ukiitika, umekubali kushika mahali pake. Ila haiti mara tatu. Huita mara mbili akanyamaza, kwa sababu zege lilimfika kinywani kabla ya ya tatu.

Baada ya arubaini Zaki akaanza kuja nyumbani. Leo amebeba samaki changu wabichi, kesho anampeleka Mama kupimwa presha, keshokutwa anapanda paa kuziba mabati yaliyovuja. Mama akampenda kama aliyemzaa. Alikuwa ameoa zamani, mwanamke wa Majengo aitwaye Swafia, wakaachana. Mwenyewe alisema Swafia alikuwa na kiburi. Mimi nilikuwa nimevuka thelathini, na mdomo wangu ulikuwa umeshafukuza wachumba watatu. Zaki aliuchekea mdomo ule. Alipoleta posa nilikubali, wala sisingizii kwamba nililazimishwa. Nilimpenda. Alikuwa na mikono mizuri, mipana, safi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda sikukiona.

Wiki moja kabla ya arusi nikasema nataka kwenda darajani kumsomea Waseem Fatiha. Zaki akakunja uso. Barabara mbaya, jua kali, mambo mengi, kwa nini tusisome msikitini? Mama ndiye aliyemkatiza. "Mwana haolewi ilhali ndugu yake hana habari," alisema. "Mpeleke." Shangazi Amtulla alikuwa aje nasi, tusionekane tumekwenda peke yetu, lakini asubuhi ile goti lake lilifura likawa kama dafu, akatuombea dua kitandani.

Nilichukua doti moja ya leso ya kumpa mwanamke yeyote wa kule iwe sadaka ya Waseem. Niliitia mkobani nzima, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, na mkasi wangu wa dukani juu yake. Ni desturi ya duka letu tangu babu: doti haikatwi mpaka mwenyewe awe mbele yako, aone kwa macho yake kwamba vipande ni ndugu. Ukimpelekea iliyokatwa, atasema umemuokotea mabaki.

Pale Feri, tukiwa kwenye foleni ya magari, muuza korosho mmoja alipita kati ya magari na sinia lake likakwaruza mlango wa pikapu. Mkwaruzo wenyewe hata ukucha haukuingia. Zaki alishusha kioo, akamwita kwa upole, "Njoo, ndugu yangu, nipe za kumi." Yule mtu akaja akicheka. Zaki akamshika shingoni na kuubamiza uso wake kwenye fremu ya mlango, mara moja, halafu tena. Nilisikia pua ikilia kama tango likivunjwa. Korosho zikamwagika, zikaliwa na matairi. Zaki alifuta mkono kwa kitambaa, akapandisha kioo.

"Watu hawa hawana adabu," alisema.

Nilimwambia amuombe radhi. Akanitazama kidogo tu, kisha akacheka na kusema, "Wewe na mdomo wako." Foleni ikasogea, tukaingia kwenye kivuko. Nikajiambia mwanamume ana hasira, nani hana hasira. Mimi mwenyewe ninazo za kugawa.

Tulifika Mbwaka jua linakaribia utosini. Mvua za juu zilikuwa zimeujaza mto, maji mekundu yanakwenda kwa kishindo juu ya mawe. Daraja lenyewe ni jembamba, la gari moja, na vyuma vya ukingo vimeoza na kutu. Vingine vilikwisha ng'olewa na wauza vyuma chakavu. Kando ya njia, chini ya kibanda cha makuti, alikaa mwanamke wa makamo akimenya mihogo. Nilimwamkia, akaniitikia, akasema yeye ni Mwanaesha. Nilimweleza nani wangu aliyefia pale.

"Yule kijana wa simu?" akauliza. "Pole, mwanangu. Nilimuona akipita. Alinisalimu vizuri."

Nikamwonyesha doti. Akapangusa mikono kwa kanga yake, akaigusa kwa ncha za vidole, akairudisha. "Kasome dua kwanza, ukirudi tuikate. Lakini saa sita hii. Mkiitwa, msiitike." Akamtazama Zaki aliyebaki akiegemea pikapu. "Wewe wajua. Wewe ulikuwapo."

Zaki akajitoa kwenye pikapu, akatangulia.

Tukaenda mpaka katikati ya daraja, juu ya ile nguzo ya kati. Nilisoma Fatiha na Yasini kidogo niliyohifadhi. Nililia, sikuona haya. Nilipomaliza nikafuta uso, nikamwomba Zaki anieleze ilivyokuwa, yote, kwa sababu wiki ijayo ningekuwa mke wake na sikutaka kulala kando ya mtu anayejua jambo nisilolijua mimi. Hapo sikuwa na shaka naye hata chembe. Nilitaka tu nimuone Waseem dakika yake ya mwisho.

Zaki akaanza. Nafikiri alikuwa ameirudia hadithi ile kichwani mpaka ikamkolea. Alinionyesha Waseem aliposimama na jinsi alivyoinua simu. Akaigiza sauti iliyotoka chini, nyembamba, "Waseeem." Akaonyesha ndugu yangu akigutuka na kuinama ukingoni.

"Nikamwambia nyamaza, usiitike," alisema Zaki. "Hakunisikia. Akaitika kwa nguvu, 'Naam!' Ikaita tena. Akasema tena, 'Naam, naja!' Akapanda juu ya chuma. Nilimshika shati, likanitoka."

Mto ulikuwa na kelele, lakini neno lile nililisikia peke yake.

Mwenye akili angenyamaza. Angesema pole, angerudi garini, angefika Mombasa akaenda kwa polisi au kwa wajomba. Ulimi hauna mfupa, na wangu hata ngozi hauna.

"Nani alisema naam, Zaki?"

"Waseem."

"Waseem alichapwa bakora mpaka akatoka damu hakusema naam. Aje aseme kwa shetani?"

Akacheka. "Neno tu hilo, Sadaf. Naam, ji, ni mamoja."

"Si mamoja. Wewe hukumsikia akiitika. Umetunga."

Uso wake haukubadilika kwa hasira. Ulitulia, kama pale Feri alipomwita muuza korosho. Nikarudi nyuma hatua. Kofi lake lilinipata sikioni, dunia ikawa kengele moja tupu. La pili lilikuwa ngumi. Nilisikia jino likiniangukia ulimini, nikalitema pamoja na damu, nikamtukana tusi ambalo silirudii hapa kwa heshima ya mama yangu.

Akanishika nywele kupitia mtandio na kuniburuta mpaka ukingoni. Akawa anasema maneno karibu na sikio langu zima, taratibu, bila kupaza sauti. "Ndugu yako naye alikuwa na mdomo. Alikwenda Majengo akamuuliza Swafia mbona atafuna upande mmoja. Swafia akamwambia nani alimvunja taya. Basi akaja hapa, hapa hapa, akaniambia nikufute moyoni, hatanipa wewe." Akanibamiza paji la uso kwenye chuma. "Akanipa kisogo. Mimi nazungumza, yeye yuapiga picha mto. Nikachukua spana ya gari. Nikamwita. Na wajua alisema nini?"

Nilijua.

"Alisema hiyo ji yenu," akasema Zaki. "Nikampiga kabla hajageuka. Akaning'inia kwenye chuma, nikamponda vidole. Umetaka yote, haya ndiyo yote."

Kwa hiyo hakusema uongo msibani. Aliitwa, akaitika, akaenda. Nilikuwa nimewapikia pilau waombolezaji na kumpakulia muuaji nyama ya juu kwa mkono wangu huu. Chuki iliyonipanda pale ilinitoa woga wote. Nilitaka kumuua. Sikutaka kujiokoa, nilitaka afe, na nikiwa naye ndani ya maji nisingejali.

Alinishika kiuno kunitupa. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umeshapata mkasi. Nilimchoma pajani mpaka pete za mkasi zikanigonga kiganja. Alinguruma, akaniachia nusu. Nikamng'ata mkono, nikahisi ngozi ikikatika kati ya meno yangu yaliyobaki, nikazidi kubana. Alinipiga mbavuni, kitu kikavunjika, pumzi ikanitoka yote. Nikaanguka chini, na nikiwa chini nikaupiga ule mkasi kwa kisigino, bado umo pajani mwake. Mguu ukamkunja. Akajitupa nyuma kujishika ukingoni, na ukingo ule, kutu tupu, ukamkubali kidogo halafu ukakatika.

Sikusikia kishindo cha maji. Nilitambaa, nikachungulia. Alikuwa ameangukia nguzo ya kati. Nondo za zamani zimechomoza pale kutoka kwenye zege, naye amezikumbatia kwa mikono miwili, mguu mmoja unavuja damu, mwingine umegeuka njia isiyo yake. Chini ya visigino vyake mto ulikuwa unapiga mawe.

Aliniona. "Leso," alisema. "Sadaf, nitupie ile leso. Haijakatwa, itanifika."

Ni kweli, ingemfika. Mimi nimezaliwa katika vitambaa, najua urefu kwa jicho. Niliitoa mkobani, nikaikung'uta ikafunguka yote, nyekundu na nyeupe, upepo ukaichezesha juu yake. Zaki akaachia mkono mmoja, akaunyoosha, kiganja wazi. Ule mkono mzuri.

Nikaikunja tena. Nikaikandamiza kwenye kinywa changu kilichokuwa kikitoka damu, nikasimama kwa kushikilia mbavu, nikaanza kurudi kibandani.

"Sadaf!" akaita.

Kivuli changu kilikuwa chini ya miguu yangu, kidogo kama sahani. Nilitembea.

Mwanaesha alikuwa amesimama, kisu mkononi. Pikapu ilikuwa imemkinga asione katikati ya daraja, lakini masikio alikuwa nayo. Kwenye njia ya shamba walikuwa wamesimama wanaume wawili na majembe, nao wanasikiliza. Mwanaesha aliniona uso. Akanivutia kigoda nikakaa.

"Sadaf!" ikaita mara ya pili, jina langu likirefuka juu ya maji.

Wale wanaume walisoma dua chini chini, wakatazama chini. Hakuna aliyeinua mguu. Tukangoja sote, na katika kungoja kule nilimsikia nzi juu ya mihogo.

"Sadaf!"

Mwanaesha akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamebadilika. "Hiyo ya tatu," akasema polepole. "Yeye haiti mara tatu." Wale wanaume nao wakanitazama. Mmoja alikuwa ameshateremsha jembe begani. "Mwanangu, niambie. Yule ni mtu, ama ni yeye?"

Ningesema mtu, wangekimbia. Walikuwa watu wema, na kamba walikuwa nayo, niliiona kiunoni mwa mmoja wao. Nilimkumbuka Waseem akiwa amegeuza kisogo, simu mkononi, na ile ji yake ikimtoka bila kufikiri, kwa sababu rafiki amemwita.

"Ni yeye," nikasema.

Mwanaesha alinitazama: jino lililotoka, paji lililochanika, nywele zilizong'olewa zikiwa bado zimeshikana na mtandio. Alinitazama sana. Kisha akawapungia wale wanaume mkono waende zao.

"Basi leo ana maneno mengi," alisema.

Akakaa. Akaishika leso upande mmoja, nami nikaishika upande wa pili. Mkasi sikuwa nao tena. Tukaikata kwa kisu cha mihogo, taratibu, tukifuata mstari wa katikati, na muda wote ule iliita. Iliita jina langu, ikaita jina la Mama, ikamwita hata Swafia. Ilipofika kumwita Waseem niliacha kusikiliza. Kisha kulikuwa na mto tu. Mwanaesha alichukua kipande kisafi, akajifunga kichwani, akanifunga mimi kile chenye damu.

Polisi waliandika kwamba alinipiga akitaka kuniua, ukingo ukakatika, akaanguka. Ndivyo ilivyokuwa. Waliniuliza mengi, na niliwajibu yote, mpaka habari ya spana na ya Majengo. Swafia mwenyewe alikuja akatoa ushahidi, akisema kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuna aliyeniuliza kama aliita.

Wengine wananiambia nisamehe, marehemu hasemwi. Mimi namsema. Nikipata nafasi ya kuirudisha siku ile, nitaikunja ile leso vile vile.

Jioni niliyotoka hospitali nilikaa chini barazani, mbavu zimefungwa, sitaki kupanda ngazi. Mama akaniita kutoka ghorofani. Sauti ilikuwa yake, nyumba ilikuwa yetu, na bado mwili ulinisisimka, nikanyamaza. Akaita tena. Muuza kahawa akanitazama akishangaa. Mama akaita mara ya tatu, ndipo nikaitika, ji, ndefu, ya puani, na juu kule nikamsikia ameanza kulia.